Maji ya Birika Letu na Betri za Kilindini

Nguo zangu zote za ujanani zilikuwa na matundu. Hayakuwa matundu ya umaskini wala ya panya. Yalikuwa madogo, ya duara, mfano wa tundu linaloachwa na cheche ya udi ikiangukia nguo. Tone la tindikali likikurukia hulioni wala hulihisi. Unarudi nyumbani, shati linafuliwa, na kesho yake likiwa kambani unaona jua linakuchungulia kutoka upande wa pili. Mamangu, Bi Zena, alikuwa akiliinua shati langu juu na kucheka: "Asubuhi nimetoa mwana, jioni naletewa chujio!"

Nyinyi vijana mnaoingia kazi hii sasa mnafungua kifuniko cha gari, mnabana nyaya mbili, mnatazama mshale, mnasema "nzima" au "imekufa," basi, mmemaliza. Siwaonei kijicho. Lakini siku zetu kipimo cha mshale kilikuwa kimoja tu katika karakana nzima, nacho kilikuwa mali ya mwenye karakana, akikifungia kabatini pamoja na bastola yake. Sisi tulipima kwa macho, kwa pua, kwa masikio, na kwa kichupa kimoja cha kioo nitakachowaeleza. Na kwa kosa langu la mambo ya betri, nilikaribia kumpakiza melini mtu aliyenifundisha kazi yote, aondoke Mombasa na jina la mwizi. Hilo ndilo hasa ninalotaka kuwaambia. Mniwie radhi tu, sitalifikia moja kwa moja. Mzee akishafungua mdomo, kila neno humwita jingine.

Karakana yetu ilikuwa upande wa Kilindini, banda la mabati lenye joto la tanuri. Sisi wa Mji wa Kale tulikwenda kwa miguu. Wakubwa walipita kwa toroli, vile vigari vya viti vya mbao vilivyosukumwa juu ya reli nyembamba, wasukumaji wakikimbia miguu mitupu na kupiga kelele watu wapishe. Vita vya Mjerumani vilikuwa vikiendelea huko bara, na magari yalikuwa yakishushwa bandarini kwa wingi kuliko tulivyowahi kuona. Kabla ya hapo magari ya kisiwani yalikuwa machache hata ukiyasikia kwa mbali ulijua hili la nani na lile la nani. Mengine yaliwaka kwa kuzungushwa hendeli, taa zake za gesi zikinuka vibaya. Haya mapya yalikuja na taa za umeme, na dainamo ya kuzungushwa na injini, na betri: kasha la mti lililopakwa lami, ndani yake vyumba vitatu vilivyojaa sahani za risasi na maji makali. Wakati ule hatukusema "kuchaji." Tulisema kutia moto. Betri ikiletwa kwetu, iliwekwa katika chumba cha nyuma, ikaunganishwa na dainamo kubwa iliyozungushwa na injini ya mafuta ya taa, ikatiwa moto mchana kutwa.

Mkuu wa chumba kile alikuwa Fundi Premji, Mgujarati mfupi, mwenye masharubu yaliyogeuka manjano kwa mvuke wa tindikali. Alikaa mtaa wetu, nyumba ya tatu kutoka kwetu, na mkewe Kanta na mamangu walikuwa wakipelekeana sahani za chakula, zisirudi tupu kamwe. Na betri alizungumza Kigujarati. Na sisi alizungumza Kiswahili. Na mwenye karakana, Mzungu tuliyemwita Bwana Miwani, fundi alizungumza kwa kutikisa kichwa.

Siku yangu ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba mimi si mgeni wa mambo. Nilichukua kipande cha waya, nikagusisha vichwa viwili vya betri kwa pamoja ili nione cheche. Cheche niliiona, na waya ukaniunguza kidole. Fundi Premji hakupaza sauti.

"Bhai," aliniambia, yaani ndugu kwa lugha yake, "wewe ukienda kumjulia hali mgonjwa, unampiga kofi?"

"La, fundi."

"Akilia unasema, alhamdulillahi, mzima huyu?"

Watu wote wakacheka. Akanipa kile kichupa. Ni bomba la kioo lenye mpira wa kubinya juu yake, na ndani kuna kijiti cha kioo kinachoelea. Unafyonza maji makali ya chumba kimoja cha betri, unakiinua kichupa usawa wa jicho, unasubiri kijiti kitulie. Kikisimama juu, maji ni mazito, moto umo. Kikizama, maji yamekuwa mepesi, betri ina njaa. Unapima vyumba vyote vitatu, si kimoja. Vikiwa na njaa sawasawa, betri inataka moto tu. Viwili vikishiba na kimoja kikiwa na njaa, hapo pana ugonjwa, na moto peke yake hautauponya.

Alinifundisha kuisikiliza pia. Betri inayokaribia kujaa huchemka kidogo kidogo, sauti yake kama wali unaokauka maji. Alinifundisha kutazama sahani: za chanya ziwe na rangi ya kahawa, za hasi rangi ya jivu. Na kama nyaya hazina alama na hujui waya wa chanya ni upi, chukua mbatata, ikate, chomeka ncha mbili za waya wa shaba, subiri. Panapogeuka kijani ndipo penye chanya. Nilipoifanya hiyo kwa mara ya kwanza peke yangu sikuwa na mbatata, nikaiona moja ndani ya mkebe wa chakula cha Fundi Premji. Nikapima, nikapata jibu langu, na kwa kuwa nilikuwa na haya nikairudisha mkebeni, doa la kijani nimelielekeza chini. Mchana alikula chapati tupu, na kila tonge alinitazama.

Makosa mengine yalikuwa ya kuchekesha tu. Vichwa vya betri vikiota ule unga mweupe, tuliviosha kwa maji ya magadi, kisha tukavipaka grisi isije hewa ya bahari ikavila. Juma moja grisi ilikwisha. Mimi nikaona samli ni grisi vile vile, tena safi zaidi, nikapaka vya gari moja samli ya nyumbani. Siku ya pili Mzungu wa Kizingo, mwenye gari lile, alirudi mwenyewe amekunja uso. Alifungua kasha la betri mbele yetu, na chungu walikuwa wakipita juu ya waya safu kwa safu, kama watu wa zafa.

Na gari likiletwa kwamba betri yake haijai, Fundi Premji hakuanza kwenye dainamo. "Dainamo ni ghali," alisema, "ndiyo maana kila mjinga anaanza nayo." Aliwasha taa za mbele kwanza, injini ikiwa imezimwa, akatazama mwanga ukutani. Kisha injini iliwashwa na kutiwa kasi. Mwanga ukizidi weupe, dainamo inafanya kazi yake; tafuta ugonjwa kwenye betri. Mwanga usipobadilika, bonyeza mkanda kwa kidole gumba: ukilegea, unateleza. Mkanda ukiwa sawa, fuata waya kiungo kwa kiungo, ukigusa. Kiungo chenye joto ndicho kilichooza. Mpaka leo, niamkapo na kuona taa ya barabarani imefifia, kidole gumba changu hutafuta mkanda wa kubonyeza.

Sasa nifike kwenye maji.

Betri katika joto la Mombasa hunywa maji kama mpagazi. Hunywa maji tu, tindikali hubaki. Kila siku chache lazima uyarudishe, na maji hayo hayawi ya kisima wala ya mfereji. Fundi Premji alikuwa na sufuria ya shaba yenye mfuniko, na bomba la kioo lililopita ndani ya ndoo ya maji baridi. Maji yalichemka, mvuke ukapita bombani, ukapoa, ukadondoka tone kwa tone ndani ya chupa. Kazi ya kuangalia sufuria ile nilipewa mimi. Nawaambieni, hakuna kazi ya kuchosha kama kutazama maji yakidondoka, hali nyuma yako magari mapya yananguruma na wenzako wanafundishwa kuyaendesha.

Siku moja kabla ya mfungo, nikikimbilia kutazama gari lililoshushwa asubuhi hiyo, niligonga bomba kwa kiwiko likavunjika. Bomba jingine lilikuwa litoke Bombay. Niliogopa kusema. Nikalifunga kwa kitambaa, na nikakumbuka kwamba wakati wa masika nilimwona Fundi Premji akikinga mvua kwa beseni, akisema maji ya mvua yafaa kwa betri. Mvua? Mbona sisi kwetu tulikuwa na birika zima la maji ya mvua! Nyumba yetu ilikuwa ya mawe, ya kale, na maji yote ya dari, yaani paa lake bapa, yalishuka ndani ya birika, tangi la mawe lililojengwa chini ya ukumbi. Majirani walikuja kuomba maji ya Bi Zena kwa ajili ya wagonjwa na wazazi waliojifungua, kwa utamu na ubaridi wake. Sikujiuliza kwa nini Fundi Premji aliweka beseni katikati ya uwanja, mbali na paa lolote, na kwa nini maji ya saa ya kwanza aliyamwaga.

Nikawa nabeba dumu kutoka nyumbani kila alfajiri. Mama alinijazia mwenyewe. "Ni ya nini?" "Ni ya betri, mama." "Haya. Ziambie zimswalie Mtume zikinywa." Nilijaza zile chupa, nikazipanga mahali pake. Na kila asubuhi niliwasha moto chini ya sufuria tupu, ili moshi uonekane.

Miezi miwili ikapita. Hata tindikali mpya niliichanganya kwa maji yale.

Ndipo betri zilipoanza kurudi. Zilitoka kwetu zimejaa, zikafanya kazi majuma machache, kisha gari likilala siku mbili tu haliwaki, taa zake njano kama kiini cha yai. Tulizitia moto tena, zikarudi tena. Pipa la mafuta ya taa lilikuwa likikauka haraka kuliko kawaida kwa sababu injini haikupumzika. Bwana Miwani akaunganisha mambo hayo mawili kwa njia yake: betri hazijai, mafuta yanakwisha, kwa hiyo mafuta hayaingii kwenye injini. Yanauzwa.

Alimwita Fundi Premji mbele yetu sote.

"Wewe hapana jaza betri. Wewe uza mafuta."

Fundi Premji alitikisa kichwa, kama kawaida yake. Safari hii alikuwa akikataa, lakini Bwana Miwani alizoea kukiona kichwa kile kikikubali.

"Basi. Meli ya Bombay juma hili. Wewe kwenda."

Fundi Premji akakivua kitambaa alichojifunga kiunoni, akakikunja vizuri, akakiweka juu ya meza ya kazi. Aliondoka bila kututazama.

Mimi nilimwamini kwamba si mwizi, na wakati huo sikuwa nimejishuku hata kidogo. Nikataka kulisafisha jina lake kwa kazi ile ile aliyonifundisha. Nilichukua betri moja iliyorudi. Nikaitia moto mwenyewe tangu asubuhi mpaka ikaimba ule wimbo wa wali, kijiti kikasimama juu katika vyumba vyote vitatu. Kisha nikaitoa, nikaiweka juu ya ubao mkavu, haikuunganishwa na chochote. Siku mbili. Nilipoipima tena, kijiti kilikuwa kimezama.

Hapo fikirini pamoja nami. Gari halikuwepo, kwa hiyo si mkanda, si waya, si dainamo. Moto niliutia mwenyewe mpaka ukajaa, kwa hiyo si Fundi Premji. Betri ilikuwa ikijila yenyewe, kwa ndani. Nikayamimina maji yake kwenye beseni la udongo polepole. Mwisho wa maji yakaja matope meupe, laini. Niliyasugua kati ya vidole, na vidole vilinijibu kabla ya akili. Matope yale niliyajua tangu utoto wangu. Ndiyo tuliyokuwa tukiyakwangua chini ya birika letu kila mwaka linapooshwa.

Dari yetu tulikuwa tumeipaka chokaa mpya kabla ya masika, kama kila nyumba ya mawe inavyopakwa. Upepo wa bahari ulileta chumvi yake juu ya chokaa ile. Mvua ikaosha vyote viwili, ikaviingiza birikani. Ulimi wa binadamu hauvioni. Risasi inaviona. Chokaa ilikuwa ikinywa nguvu za tindikali, na chumvi ilikuwa ikizila sahani.

Natamani niwaambie nilikimbia siku ile ile kusema. Sikukimbia. Nilisafisha beseni, nikaenda nyumbani, nikanyamaza. Nikisema, nafukuzwa, hilo nilijua. Lakini lililonifunga mdomo zaidi ni jingine. Karakana ile ilijaa watu wa mtaani kwetu. Kesho yake mji mzima ungesema maji ya Bi Zena yameua magari, na mama aliyapenda maji yale kama wengine wanavyopenda dhahabu zao.

Mama ndiye aliyenianza, tukiwa tunakunywa kahawa ya asubuhi.

"Kanta afunga sanduku," alisema. "Jana alinirudishia sahani yangu tupu. Miaka yote hii, tupu! Nimemuuliza, akalia. Watu wasema mumewe mwizi wa mafuta. Wewe wafanya naye kazi. Ni mwizi?"

"La, mama."

"Wajuaje?"

Nikatazama kikombe.

"Athmani. Nakuuliza, wajuaje?"

Nikamwambia yote: bomba, moshi wa uwongo, matope meupe. Aliinuka, akaenda ukumbini, akafunua kifuniko cha birika, akachota kata moja, akanywa kidogo, akasimama na kata mkononi.

"Mimi naonja maji tu," alisema.

"Hayana ubaya kwa watu, mama. Ni kwa betri tu."

"Na meli yaondoka lini?"

"Leo mchana."

"Leo! Na wewe umekaa hapa wanywa kahawa?" Kata ikatupwa. "Nipe buibui langu. Nijazie dumu. Tena jaza mpaka mdomoni, asije akasema Bi Zena ameficha."

Mamangu hakuwa amewahi kufika Kilindini. Alipanda toroli kwa mara ya kwanza maishani mwake, dumu mapajani, mimi nikikimbia pembeni pamoja na wasukumaji. Njia nzima alikuwa akiwaambia, "Polepole, mwanipasua dumu!" na baada ya hatua kumi, "Mbona mwatambaa?"

Aliingia karakanani na dumu lake. Bwana Miwani akavua kofia, kwa mshangao nadhani, si kwa adabu.

"Mwambie," mama aliniambia, akimtazama Mzungu usoni, "mwambie maji ni yangu. Yamepikia maharusi, yameoshea maiti, yamenywesha wagonjwa wa mitaa miwili. Mwanangu ameyaleta kunywesha risasi pasipo kuuliza. Mwizi hapa hakuna. Kuna mpumbavu, na ndiye huyu, nami ndiye niliyemzaa."

Nilitafsiri kwa Kiswahili chake cha vipande. Sehemu ya mpumbavu niliitafsiri mara mbili, maana Bwana Miwani alitaka kuhakikisha.

"Maji safi hii," alisema, akilitazama dumu. "Maji safi hapana ua betri."

Hapo nilijua maneno hayatatosha. Nikachukua vikaango viwili vidogo vya shaba, nikavisugua mpaka vikang'aa. Kimoja nikatia maji ya mama. Kingine nikatia maji ya chupa moja ya zamani, ya mvuke, iliyosalia nyuma ya kabati tangu kabla bomba halijavunjika. Nikaviweka motoni mpaka maji yote yakakauka. Kikaango cha mvuke kilibaki kinang'aa. Cha mama kilibaki na ngozi nyeupe kila mahali. Nikachovya kijiti cha kioo katika tindikali, nikadondoshea tone moja juu ya ile ngozi. Ikafoka, povu jeupe, kama maziwa yanayomwagika motoni. Tone jingine, ikafoka tena. Kwenye kikaango kile kingine tone lilikaa kimya.

Bwana Miwani alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Akadondoshea tone la tatu kwa mkono wake mwenyewe.

"Na moshi?" aliniuliza. "Kila siku mimi ona moshi."

"Sufuria ilikuwa tupu, bwana."

Alinyoosha kidole mlangoni. "Wewe leta Premji. Halafu Premji sema wewe nini." Akafungua mlango wa gari lake, ili dereva wake anipeleke gatini upesi. Dereva akabonyeza kitufe cha kuwasha. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Nalo nilikuwa nimelinywesha.

Nikakimbia kwa miguu.

Mashua ya kwanza ilikuwa imekwisha kuwapeleka watu melini. Fundi Premji na Kanta walikuwa wakingoja ya pili, yeye amevaa koti jeusi la safari katika jua lile, amesimama wima. Kanta ameketi juu ya sanduku la bati kubwa kama kitanda cha mtoto. Nilipofika sikuwa na pumzi. Nikasema tu, "Fundi, ni maji. Ni mimi."

"Maji gani?"

"Nilivunja bomba. Nikaleta maji ya birika letu, ya dari. Bwana ameona kwa macho yake. Anasema urudi."

"Bomba lilivunjika lini?"

"Kabla ya mfungo."

"Moshi nilikuwa nikiuona."

"Moto niliwasha, fundi. Maji hayakuwemo."

Alifumba macho. Nilingoja kofi, na Mungu shahidi wangu, nilikuwa nikilitaka. Kanta alisema neno moja kali kwa Kigujarati, nami sikuhitaji mkalimani. Mashua ya pili ilikuwa ikigusa gati, na karani akaanza kuita majina.

Fundi Premji alifumbua macho. "Zile betri," alisema. "Umezimwaga maji?"

"Moja tu. Nyingine bado."

"Na hiyo moja, sahani umeziacha wazi? Kwenye hewa?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana."

"Jana! Zitakauka, bhai, zitakufa kabisa!" Akageuka, akaanza kutembea kuelekea karakana, kisha mwendo ukawa mbio, pindo za koti jeusi zikipepea. Karani aliita jina lake mara ya pili na ya tatu. Hakusikia.

Tukabaki mimi na Kanta na sanduku. Alimtazama mumewe mpaka akapotea nyuma ya mabohari, kisha akaniangalia mimi. Akainuka, akajikung'uta.

"Wewe," alisema. "Beba."

Nikainama, nikajitwisha. Ndani mlikuwa na vyombo vyote vya kazi vya fundi, nilivisikia vikigongana. Kufika penye reli, wasukumaji wa toroli waliniita, "Weka hapa, ndugu, utavunjika shingo!" Kanta, aliyekuwa nyuma yangu, akawajibu, "Hapana. Asiweke." Nikalibeba kutoka Kilindini mpaka Mji wa Kale, jua la mchana, hatua kwa hatua, na sikumbuki mzigo mwingine katika maisha yangu niliouchukua kwa moyo mkunjufu kama ule.

Kesho yake nilikwenda kazini nisijue kama nina kazi. Shingo ilikuwa imekazana, haigeuki kulia wala kushoto. Fundi Premji alikuwa amekwisha kufika, kitambaa chake kiunoni, betri saba zimepangwa mbele yake, zimeoshwa na kutiwa tindikali mpya. Alinisalimu kama siku zote. Nikasimama mlangoni, nikingoja aseme mimi ni nini. Akanipa kichupa. Nilitaka kuinama pembeni nipime ya kwanza, nikashindwa. Ilinibidi nigeuze mwili mzima kama mlango. Aliona. Akaishika betri kwa mikono miwili, akaisogeza taratibu juu ya meza mpaka ikawa mbele ya macho yangu kabisa.

"Soma," alisema.